Oksidesi chanya, sugu kwa jentamaisini na kolistini, kutoka chupa ya damu: ni Pseudomonas kweli?

Zamu_Maabara
Wakuu, naomba msaada wa haraka. Chupa ya damu imeota baada ya saa 40: vijiti vya gramu hasi, oksidesi (kipimo cha kimeng'enya) chanya, laktosi havichachushi. Diski ya jentamaisini haina duara kabisa (bakteria wameota hadi ukingoni mwa diski), ya kolistini vilevile, lakini ko-amoksiklavu imetoa duara kubwa. Mgonjwa ana kisukari na amerudi juzi kutoka kaskazini mashariki mwa Thailand. Homa ina wiki ya tatu, eksirei inaonyesha tundu juu ya pafu la kulia, GeneXpert ya makohozi haikuona TB. Niandike Pseudomonas?

Aga_na_Sahani
Usiandike, mkuu. Hizo diski tatu zimekwisha kukujibu: Pseudomonas aeruginosa kwa kawaida husikia (huuawa na) jentamaisini na kolistini, na ko-amoksiklavu haimtishi. Wako amegeuza yote. Mchukulie kuwa Burkholderia pseudomallei, bakteria wa melioidosisi (maambukizi hatari yatokayo kwenye udongo na maji), mpaka ithibitishwe vingine.

Funga sahani kwa utepe sasa hivi. Usizinuse; ana harufu ya udongo, na kumvuta puani ni njia mojawapo ya kuambukizwa. Kazi iliyobaki ifanyike ndani ya kabati la usalama, na uandike majina ya wote walioshika sahani hizo mezani ili wapimiwe haja ya dawa ya kinga.

Rudia slaidi ya gramu uitazame vizuri. Ncha mbili hushika rangi, katikati hubaki peupe, kama pini ya kufungia nepi. Siku ya kwanza koloni ni laini na hazina sura ya kukushtua. Kuanzia siku ya tatu hukauka na kujikunja kama ngozi ya embe lililosinyaa. Kwenye aga ya Ashdown (chakula maalumu cha kumwoteshea) huwa za zambarau. Ndiyo maana sahani zikitupwa baada ya saa 48 anapotea. Ziache siku 7.

Tahadhari na majina yanayotolewa na vifaa vya utambuzi: API 20NE huweza kumwita Chromobacterium violaceum, na VITEK 2 huweza kumwita Burkholderia cepacia. Mpeleke maabara ya rufaa kwa PCR (kipimo cha vinasaba), na uwaambie kabla kinachokuja. Jentamaisini nayo si kigezo cha mwisho, maana Sarawak kuna aina zinazoisikia.

Wodi_ya_Kifua
Mpigie daktari simu sasa, majibu ya karatasi yatafuata. Kama yuko kwenye seftriaksoni, ibadilishwe hata kama diski inaonyesha duara. Wagonjwa hufa wakiwa wanaitumia. Dawa za TB za kubahatisha ndizo zisizofaa kabisa.

Mtu mzima mwenye figo nzima: seftazidimu gramu 2 kila saa 6 kwenye mshipa. Akiwa na mshtuko wa sepsisi, meropenemu gramu 1 kila saa 8. Utafiti wa Ubon Ratchathani uliochapishwa 1989 ulionyesha seftazidimu ikishusha vifo kutoka asilimia 74 hadi 37, kwa hiyo saa chache hapa zina uzito. Homa huchukua wiki na zaidi kushuka. Msibadilishe dawa kwa sababu hiyo peke yake.

Zamu_Maabara
Nimeshapiga simu. Nichukue sampuli gani zaidi?

Aga_na_Sahani
Damu tena, makohozi, mkojo, pamba ya koo, na usaha popote ulipo. Zote, hata asipolalamika. Kuotesha hukamata karibu asilimia 60 tu ya wagonjwa, hivyo "hakijaota" hakumwondoi.

Wodi_ya_Kifua
Naye apigwe ultrasaundi au CT ya tumbo: ini, wengu, na tezi dume kwa mwanaume. Jipu kubwa linyonywe. Siku za sindano, zisizopungua 14 na kwa jipu la ndani wiki 4, huhesabiwa upya tangu usaha ulipotolewa mara ya mwisho.

Kisha septrini (ko-trimoksazoli, dawa yenye salfa), miezi 3. Wengi hapa hukosea dozi: mwenye kilo zaidi ya 60 anameza vidonge 4 vya mg 480 asubuhi na 4 jioni, kilo 40 hadi 60, vitatu vitatu. Ongeza asidi ya foliki mg 5 kwa siku. Pima potasiamu na kreatinini kila wiki mwanzoni, na uulize mzio wa salfa kabla ya kidonge cha kwanza. Anayeacha akijisikia nafuu ndiye anayerudi na ugonjwa uleule, kwa hiyo mpe tarehe ya kidonge cha mwisho kwa maandishi.