Ulinganisho: cheti cha malezi ya awali au cha ubunifu wa mafunzo, nianze na kipi?

Mwl_Tunu (mwanzisha mada)

Habari zenu wadau. Nina miaka tisa darasani, sita kati ya hiyo na watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Tangu mwaka jana nimeongezewa kazi ya kuandaa mafunzo ya mtandaoni kwa walimu wapya wa chekechea. Moduli ya kwanza ilihusu kumwangalia mtoto anapocheza. Niliiandaa kwa ujuzi wangu mwenyewe: slaidi 46 na maswali kumi ya kuchagua jibu. Karibu wote walifaulu. Wiki mbili baadaye nikapita madarasani mwao, sikumwona hata mmoja akifanya nilichofundisha. Iliniuma sana.

Nataka kurudi kusoma, na nimebakiwa na njia nne. Kuna cheti cha CDA cha Marekani (Child Development Associate, cha walezi wa watoto wadogo), diploma ya Montessori (mtindo wa kufundisha ambao mtoto hujifunza kwa kushika vifaa), cheti cha ubunifu wa mafunzo (kupanga na kuandaa masomo) kinachotolewa na vitengo vya elimu endelevu vya vyuo vikuu, na kozi fupifupi za mtandaoni zenye saa za CEU, kile kipimo cha elimu endelevu. Nasoma jioni na Jumamosi tu, na uwezo wangu ni kozi moja kwa mwaka. Waliopitia naomba mnieleze mlichokutana nacho kwenye kozi yenyewe, maana matangazo nimeshayasoma yote.

BibiChekechea

Mwalimu, pole na hongera, maana wengi hawarudi madarasani kuangalia.

CDA nimeipitia na baadaye nikawasaidia wenzangu kujiandaa. Unatakiwa uwe na saa 120 za mafunzo na saa 480 za kufanya kazi na watoto wa rika unaloombea cheti. Unaandaa jalada la kazi zako, familia za watoto zinajaza dodoso kukuhusu, unafanya mtihani, na mtaalamu anakuja kukaa darasani kukuangalia ukifundisha. Ukishakipata unakihuisha kila baada ya miaka mitatu. Kwa mwenye miaka tisa kama wewe, zile saa 480 si kikwazo kabisa.

Ila kilichonibadilisha mimi ni karatasi moja. Wakati wa maandalizi niliandika kuhusu mtoto fulani: "Leo alikuwa mkorofi, aliharibu mnara wa mwenzake." Mkufunzi akazungushia duara neno *mkorofi* na pembeni akaandika: "Umeona nini?" Nikakaa chini kukumbuka. Alikuwa amesimama na boksi la bluu mikononi, akatazama mlangoni mara tatu, kisha mama yake alipopotea kwenye kona akaliachia boksi likaangukia mnara. Mtoto yuleyule, tukio lilelile, lakini kwenye maandishi ya pili kuna mtu unayeweza kumsaidia. Tangu siku hiyo neno mkorofi sijaliandika tena.

Fundi_Moduli

Dada Tunu, mimi niko upande wa pili, naandaa mafunzo kazini mwaka wa kumi na moja sasa. Kwa maelezo yako, pengo lako haliko kwa mtoto. Lile jaribio lilipima kumbukumbu, wewe ukataka kuona tendo. Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa kutathmini mafunzo, alishayatenganisha haya tangu mwaka 1959 katika ngazi zake nne: walivyoyapokea mafunzo, walichojifunza, wanachofanya wakirudi kazini, na matokeo yake. Wewe ulipima ngazi ya pili, kisha miguu yako ikakupeleka mpaka ya tatu. Wabunifu wengi hawafiki huko hata siku moja.

Kuhusu vyeti vya fani yetu, kuwa makini sana. Vingi vinajiita vya ubunifu wa mafunzo lakini ukifungua mtaala unakuta ni mafunzo ya programu: jinsi ya kuweka kitufe, jinsi ya kupakia faili la SCORM (muundo wa masomo ya kidijitali) kwenye Moodle, jukwaa la kufundishia mtandaoni. Hayo utayajua kwa wiki mbili ukikaa na mtu anayejua. Cheti chenye maana kinakuzuia kufungua kompyuta kwanza. Kinakutuma kwa walengwa uwaulize wanafanya nini sasa na nini kinawakwamisha. Mfumo wa ADDIE, wa kuandaa mafunzo hatua kwa hatua, uliotokea Chuo Kikuu cha Florida State mwaka 1975 kwa ajili ya jeshi la Marekani, unaanza na uchambuzi, na uchambuzi ndio watu wanaouruka.

Uliza maswali mawili kabla ya kujisajili. Je, nitamaliza nikiwa na moduli kamili niliyoijaribu kwa watu halisi? Na je, kuna mtu atakayeisoma na kunirudishia ikiwa na maoni, au mashine itanipa alama tu? Jibu la pili likiwa mashine, tafuta kwingine.

Rangi_Saba

Naongezea kuhusu Montessori kwa sababu naona watu wanaipita haraka.

Chama cha kimataifa cha Montessori, AMI, alichokianzisha Maria Montessori mwenyewe na mwanawe Mario mwaka 1929, hutoa diploma kwa rika: sifuri hadi mitatu, mitatu hadi sita, sita hadi kumi na miwili. Ni safari ndefu, usiifananishe na kozi ya mwezi. Unaandika majalada yako mwenyewe, kila kifaa na namna ya kukiwasilisha hatua kwa hatua, halafu unakaa saa nyingi darasani ukiangalia bila kusema neno. Hiyo ya kukaa kimya ndiyo ngumu kuliko zote. Siku ya kwanza mikono inakuwasha kumsaidia mtoto anayemwaga maji.

Ila jina Montessori lenyewe si dhamana. Marekani iliamuliwa mwaka 1967 kuwa ni neno la jumla, kwa hiyo kituo chochote kinaweza kulitumia. Uliza diploma inatambuliwa na nani na mazoezi darasani ni saa ngapi. Na kwa hali yako ya jioni na Jumamosi, dada, nadhani itakuchosha. Ingekuwa unataka kuongoza darasa la Montessori ningekwambia ng'ang'ana.

Nimeungua_Mara_Moja

Mimi nilianza na hizo fupifupi. Nilinunua kifurushi cha kozi ishirini za malezi ya awali kutoka taasisi moja ya mtandaoni. Kozi ya tatu, cheti kiliingia kwenye barua pepe kabla sijafungua somo la mwisho. Nilikifurahia siku moja. Nilipoomba kazi, waliniuliza nani ameithibitisha taasisi hiyo, nikakosa la kusema. Nilijisikia aibu ambayo sikustahili, maana masomo niliyoyasoma niliyasoma kweli.

Mkuu_wa_Kituo

Pole sana ndugu. Lakini tusizitupe zote. CEU moja ni saa kumi za mafunzo, na kipimo hicho kina taratibu zake, IACET, shirika la kimataifa la elimu endelevu, ndio wanaosimamia kiwango chake. Kwa mwalimu anayehuisha cheti alicho nacho, saa hizo zina kazi kubwa. Kosa ni kudhani zitahesabiwa kuelekea shahada. CEU si kredi ya chuo, na chuo hakilazimiki kuzipokea.

Kwa upande wa kuajiri, nawaambia ninachofanya. Jina la cheti nalisoma mara moja, kisha namwomba mtu anieleze mtoto mmoja aliyemfuatilia kwa muda. Aliyefundishwa vizuri anaanza na kitu alichokiona. Asiyefundishwa anaanza na sifa: mtulivu, mjanja, mgumu. Dakika tano zinatosha.

Nampinga kidogo Fundi. Mwalimu Tunu anasimamia wenzake, na bila cheti cha malezi kinachotambulika watamwona mtu wa kompyuta. Aanze na CDA.

Fundi_Moduli

Mkuu, hilo la heshima mbele ya wenzake sikulifikiria, umenishinda hapo. Ila nimerudi kusoma alichoandika Bibi kuhusu neno *mkorofi* na nimeshtuka, kwa sababu ndicho ninachowafanyia wanafunzi wangu. Wakiandika lengo la somo "mwalimu ataelewa umuhimu wa mchezo," nazungushia *ataelewa*. Utamwonaje mtu akielewa? Andika atakachofanya ukiwa umesimama mlangoni pake.

Dada Tunu, lengo la moduli yako ya slaidi 46 lilisemaje?

Mwl_Tunu

Nimelifungua sasa hivi. Linasema: "Mwalimu ataelewa na kuthamini uchunguzi wa mtoto." Jamani.

Nimeandika upya, mniambie: "Mwalimu atamwangalia mtoto mmoja akicheza kwa dakika tano, ataandika mambo matatu aliyoyaona bila neno la sifa wala lawama, na atachagua kifaa kimoja cha kumwekea kesho yake."

BibiChekechea

Sasa hapo hata mimi ningejua cha kufanya Jumatatu asubuhi. Dakika tano ni nyingi kwa anayeanza peke yake na darasa zima. Anza na mbili.

Mwl_Tunu

Nimepokea Bibi, mbili. Naanza CDA mwaka huu, ubunifu wa mafunzo mwakani kwenye chuo kinachomaliza kwa moduli iliyojaribiwa. Fundi, maswali yako mawili nimeyatuma kwa vyuo vitatu. Kimoja kimejibu kuwa kila kazi inasomwa na mkufunzi na kurudishwa angalau mara moja, viwili vimenitumia kipeperushi.

Slaidi zimebaki tisa. Kati yake moja ni video ya mtoto wa darasa langu anayepanga maboksi, na mwalimu mpya ataandika anachokiona kabla ya kusoma neno langu lolote.

Mkuu_wa_Kituo

Safi sana mwalimu. Kabla hujaipakia video, pata ruhusa ya maandishi ya wazazi, na ndani yake itaje wazi kwamba ni ya kufundishia walimu na itaonekana na nani. Ruhusa ya picha za sherehe haitoshi kwa hili.