Usukani wa Spacio unanata kama utomvu wa fenesi, nifanyeje?

BintiChumbageni
Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni.

Gari ni Toyota Spacio ya 2003, nimeachiwa na mjomba baada ya macho yake kuanza kumsumbua. Injini haina neno. Tatizo ni usukani. Mjomba aliuvalisha kava la plastiki tangu mimi niko sekondari na hakuwahi kulivua. Juzi nimelivua mwenyewe maana lilishalegea, nikikata kona linazunguka lenyewe usukani umebaki nyuma.

Chini yake nimekuta balaa. Unanata kama umemenya fenesi ukasahau kupaka mafuta mikononi. Nikiendesha dakika tano viganja vinatoka vyeusi. Jana nimefika kazini na vidole vitano vimechapwa kwenye blauzi nyeupe, na vyote ni vyangu.

Nimefuta kwa kitambaa cha maji mara mbili, ukikauka unanata palepale. Kijana anayeniosheaga gari kasema nipake petroli. Fundi mmoja kasema usukani umekufa, ninunue mwingine wa mtumba. Kabla sijatoa hela naomba kuwasikia. Kava jingine sitaki.

Spana17
Petroli HAPANA. Thina hapana. Ile ya kutolea rangi ya kucha pia hapana. Hizo zinayeyusha usukani wenyewe, ndipo utajua kunata ni nini. Tena petroli ndani ya gari, kwa joto la Tanga hilo? Huyo kijana aoshe matairi tu.

PwezaMkavu
Umeshataja dawa mwenyewe dada. Fenesi linatolewa na mafuta ya kula. Paka, subiri, futa. Mimi nilitoa hivyo gundi ya stika kwenye kioo.

DerevaMstaafu
Pweza, kioo hakishikwi ukikata kona. Unataka dada wa watu ateleze na usukani wenye mafuta pale Kabuku, malori yanakuja?

MzeeWaGereji
Marahaba binti. Kabla hujapaka chochote, jua kwanza ni ugonjwa gani. Iko miwili na inafanana sana.

Wa kwanza ni uchafu. Jasho, mafuta ya kupaka mwilini, vumbi, miaka nenda rudi, vinajenga utando mweusi. Huo unatoka. Wa pili ni usukani wenyewe kuoza. Kama hauna mshono wa uzi basi si ngozi, ni poliyurethani, ule mpira laini uliofinyangwa. Joto na unyevu wa hewa vinauvunja kidogo kidogo mpaka uso wake unakuwa kama lami. Huo husafishi ukapona, unaupunguza makali tu.

Namna ya kuvitofautisha: angalia unanata wapi. Ukinata pale mikono inaposhika tu, saa nne na saa nane, huo ni uchafu. Ukinata hata pasiposhikwa, hasa juu kunakotazama kioo cha mbele na jua, ni kuoza. Kisha kwaruza taratibu kwa ukucha mahali pa kujificha. Ukitoka utando na chini yake pagumu, shukuru Mungu. Ukucha ukizama, pole.

Ila kwako kuna mtu wa tatu, nalo ni hilo kava. Plastiki laini ya PVC hulainishwa kwa mafuta maalumu kiwandani. Gari likikaa juani miaka, yale mafuta yanatoka kwenye kava yanahamia kwenye usukani. Mjomba alidhani anautunza.

Tupe majibu.

BintiChumbageni
Hauna mshono. Unanata kote kava lilipofika, ila kwenye miguu ya katikati pakavu kabisa. Nimekwaruza nyuma kwa chini, umetoka utando mweusi na ndani pagumu. Juu kabisa, saa sita, ukucha umeacha alama kidogo.

MzeeWaGereji
Vizuri, sehemu kubwa itapona. Fanya asubuhi gari likiwa limepoa, kivulini. Maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, si ya unga. Chukua vitambaa vyeupe vingi, fulana kuukuu ya pamba inafaa. Chovya, KAMUA, sugua kipande cha kiganja kimoja kwa wakati, geuza kitambaa kila kikichafuka. Ukirudia kwa upande mchafu unahamisha tu. Mistari na vijishimo tumia mswaki laini. Kisha futa kwa kitambaa cha maji matupu, kausha, rudia. Usihesabu mizunguko, angalia kitambaa kinatoka na rangi gani.

Usukani ukibaki unanata, nenda duka la dawa nunua spiriti ya asilimia 70. Jaribu kwanza nyuma kwa chini. Isipoharibu, lowesha kitambaa kidogo na ufute haraka, usiloweshe usukani. Fungua milango yote na usivute sigara.

Chochote utakachotumia, weka kwenye kitambaa, usipulizie wala kumwaga. Katikati hapo kuna swichi ya honi na mfuko wa hewa (airbag), na maji si rafiki yao.

Ukimaliza usipake dawa ya kung'arisha dashibodi. Inateleza, na vumbi litaganda upya.

MtuWaLikoni
Salamu kutoka Mombasa. Wenye usukani wa ngozi wasiige hiyo spiriti, inakausha ngozi mpaka inapasuka. Wangu wa mpira ulikuwa umeisha kabisa, nikampelekea fundi wa viti akaushonea ngozi kwa mkono, gari likiwa palepale barazani kwake. Imebana, haizunguki kama hizo kava za kuvalisha. Hakuna haja ya kung'oa usukani.

Spana17
Naongezea: akitokea fundi anayetaka kung'oa, kwanza atoe waya hasi wa betri na asubiri dakika kadhaa ndipo aguse mfuko wa hewa. Akianza na bisibisi moja kwa moja, washa gari uondoke.

BintiChumbageni
Mrejesho wakuu. Nimeanza saa moja asubuhi, nimemaliza saa nne kasoro. Fulana mbili za mjomba zimekwenda. Maji ya ndoo ya kwanza yalikuwa kama ya kupikia pweza. Sabuni imetoa karibu yote, spiriti nimeigusia juu tu, na pale rangi imefifia ikawa kijivu. Upande wa chini na pembeni sasa ni mkavu, nimeendesha mpaka Pongwe na kurudi, viganja visafi.

Saa sita bado panashika kidogo jua likipiga.

MzeeWaGereji
Hapo ndipo palipooza, usiendelee kusugua, utatoboa. Weka kizuia jua kwenye kioo cha mbele ukiegesha. Ukipata nafasi uushonee ngozi kama mwenzetu wa Likoni, si lazima mwezi huu.

PwezaMkavu
Kwa hiyo mafuta ya kula nimalizie kukaangia samaki?

BintiChumbageni
Malizia tu kaka 😂 Asanteni sana. Shida iliyobaki ni mjomba. Ameuliza kava lake liko wapi, nimemwambia nimelifua liko kwenye kamba. Anakuja Jumapili.