Nyumbani: simu ya mezani au ya mkononi tu?

Kizingiti: Wakuu, naomba ushauri. Nyumba ina mzee asiyeona vizuri, umeme unakatika ovyo, na ndani mtandao unashika kwa kusuasua. Waya wa zamani wa simu bado upo ukutani. Nasikia simu ya mezani haihitaji umeme wa nyumbani, ni kweli?

FundiWaya: Kwa waya wa shaba ni kweli, tena kwa simu yenye mkonga wa waya. Laini hiyo inaletewa volti 48 hivi za mkondo mnyoofu (DC) kutoka kituo cha kampuni ya simu, kwenye betri zao. (Simu ikiita zinapanda kama 90 za mkondo geu (AC), kwa hiyo usishike nyuzi zilizo wazi.) Ile ya mkonga usio na waya ina kitako kinachokula umeme wa ukutani, umeme ukienda, nayo imekwenda. Faiba vilevile: simu inachomekwa nyuma ya ruta, na ruta ikizima hakuna simu.

Ukiwa na faiba, weka UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika. Betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 7, ina Wh (wati-saa) 84. Ruta na kiboksi cha faiba vikila wati 15, hesabu ya karatasi inakupa saa tano na nusu. Usiiamini. UPS yenyewe inapoteza umeme, na betri yake ya madini ya risasi haitakiwi kumalizwa chaji yote. Panga saa tatu.

Antena4: Pima kwanza mtandao chumbani kwa mzee, mlango ukiwa umefungwa. Kwenye mipangilio ya simu tafuta hali ya laini, usome dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mtandao. Kwa 4G, -95 inatosha kabisa; ikifika -115 sauti itakatikakatika. Ni namba hasi, wengi wanazisoma kinyume. Bati na zege la nondo ndio maadui wakubwa.

Kizingiti: Asanteni. Huo waya wa shaba mvua ikinyesha unakwaruza sana.

FundiWaya: Maji yameingia kwenye kiungio. Chomoa simu zote, kisha chomeka moja tu kwenye kisanduku cha kwanza, pale waya unapoingilia. Mlio ukiwa safi, ubovu uko kwenye nyaya zako za ndani. Ukikwaruza bado, waite wenye laini. Na uulize kabisa kama hawana mpango wa kuondoa shaba, sehemu nyingi inaondolewa.

Bi Vitufe: Mbona mmeisahau simu ya mezani inayotumia kadi ya SIM? Ina mkonga, vitufe vikubwa na betri yake ndani. Iweke karibu na dirisha lenye dBm nzuri, mzee ananyanyua tu. Ila usinunue ya 2G peke yake. Mitandao hiyo inazimwa nchi baada ya nchi. Hakikisha imeandikwa 4G na inapiga simu kwa VoLTE (sauti kupitia 4G yenyewe), maana nyingine 4G yake ni ya intaneti tu.