Matete ya Sabaki: yafyekwe au yaachwe?

Ndugu zangu wa Malindi na Mambrui, suala hili linazuka kila tukikaa, basi tulijadili wazi. Matete ya mdomo wa mto Sabaki yafyekwe tupande mchicha na bamia, au yaachwe?

Wanaotaka yafyekwe wana hoja nzito: ndege anayetetewa na wanaotaka matete yaachwe si mzaliwa wa hapa. Kwa Kiingereza huitwa Basra Reed Warbler; ni ndege mdogo wa kahawia iliyofifia, mwenye mdomo mrefu mwembamba. Huzaliana Iraki, kwenye mabwawa ya Basra, kisha huruka zaidi ya kilomita 3,500 kuja huku na kaskazi. Kwa nini mkulima wetu akose shamba kwa ajili ya mgeni?

Nasema mgeni huyu hana pengi pa kwenda. Baada ya vita vya 1991, serikali ya Saddam Hussein ilichimba mifereji na kuinua kuta za udongo ili kuyakausha mabwawa yale. Kufikia mwaka 2000 takriban asilimia 90 yalikuwa yamekwisha, na wakazi wake wakatawanyika. Mwaka 2003 wenyeji wenyewe walibomoa kuta, maji yakarudi. Hata hivyo ndege huyu bado yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Wenzetu wa Basra walikwisha fanya yao. Tukimaliza matete ya Sabaki na ya Delta ya Tana, atarudi kwao kutoka wapi?

Tena matete hayamfai ndege tu. Sabaki hubeba udongo wa bara hadi bahari yetu ikageuka rangi. Matete hunasa sehemu ya tope hilo na kushika kingo. Shamba lililolimwa hadi majini ndilo la kwanza kuchukuliwa na mafuriko.

Lakini uzio na marufuku navikataa vilevile. Viboko hujificha mle, usiku hutoka kula mazao, na anayekesha akilinda ni mkulima, si mpenda ndege. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliagiza mipango ya ardhi ya Delta ya Tana itungwe pamoja na wakazi. Nasi tudai hivyo: ukanda wa matete ubaki ukingoni, ukataji uwe wa zamu baada ya kaskazi, ndege wakishaondoka, na fidia ya mazao yaliyoliwa na viboko ilipwe bila kuzungushana.

Wenye mashamba waanze kujibu: ukanda wa upana gani mnaweza kuuacha bila kulala njaa?