Soda ya tangawizi ya nyumbani: kegi inavuja, gesi inaisha usiku mmoja. Msaada wakuu

Mzee wa Tangawizi
Habarini wakuu. Natengeneza soda ya tangawizi kwa ajili ya kicheni pati na vikao vya harusi. Nimepata kegi ya Cornelius ya mtumba, ile ndefu ya stenlesi ya lita 19 yenye mfuniko wa umbo la yai. Mtungi wa kaboni dayoksaidi na regulata ninavyo. Shida ni kwamba nikifungulia gesi jioni, asubuhi mshale umelala kwenye sifuri. Koki inadondosha matone, na nikimimina glasi inajaa povu, soda yenyewe vidole viwili tu. Fundi bomba kazungushia tredi tepu kila penye nati, hola. Jumamosi nina shughuli. Nianzie wapi?

Kipanga wa Kigogo
Nunua kreti za dukani, loweka kwenye barafu, shughuli iende 😂

Fundi Baridi
Achana na huyo. Kwanza toa hiyo tredi tepu yote. Kwenye vifaa hivi nyuzi za nati hazizuii gesi, kazi yake ni kukaza tu. Kinachozuia ni oringi (pete ya mpira), au washa (kipete bapa) inayokaa kati ya regulata na mtungi. Tepu ikikaa hapo nati haifiki mwisho, unakuwa umeongeza uvujaji.

Pili, pima kegi ikiwa tupu. Ikiwa na kinywaji, mshale utashuka hata kama hakuna panapovuja, maana kinywaji chenyewe kinanyonya gesi. Jaza gesi hadi psi 30 (kipimo cha presha), funga mtungi, kisha paka povu zito la sabuni ya vyombo kwenye mfuniko, vichwa vyote viwili (pale gesi inapoingia na kinywaji kinapotoka), kivalvu cha kupumulia na maungio ya mpira. Tulia, angalia. Pengine panatoa vipovu vidogo mno kama mate ya mtoto, ukiwa na haraka huvioni.

Mzee wa Tangawizi
Asante mkuu. Nimepima. Mfuniko unatoa vipovu upande mmoja, na kichwa cha gesi kinachemka kabisa chini ya nati. Oringi ya mfuniko ni ngumu, imebonyea, halafu inanuka soda ya kola!

Fundi Baridi
Lazima inuke. Kegi hizi kampuni za soda zilikuwa zinawekea sirapu. Ukinunua mtumba, badilisha oringi zote kwa mpigo: ya mfuniko, za nje za vichwa viwili, na zile ndogo zilizo chini ya vichwa kwenye mirija. Hizo ndogo ndizo watu husahau, na kwa maelezo yako ndiyo inayokusumbua. Ukifungua vichwa usivichanganye. Cha gesi mara nyingi kina mikato midogo kwenye kona za nati, na mrija wake ni mfupi. Mrefu unaofika chini ni wa kinywaji.

Paka oringi grisi ya silikoni ya vyakula, kidogo tu. Mafuta ya mgando hapana, kuna mpira yanaouvimbisha. Mfuniko ukishafunga, ingiza gesi kwa nguvu huku unauvuta juu kwa mkono hadi ukae.

Mama Soda Moshi
Niongezee kwenye povu la glasi, maana hilo halihusiani na kuvuja. Mpira wako wa kutolea una urefu gani?

Mzee wa Tangawizi
Kama mita moja dada.

Mama Soda Moshi
Ndiyo maana, ni mfupi mno kwa presha ya soda. Soda inakaa kwenye psi 25 hadi 30, bia inatoka kwa chini ya nusu ya hapo. Weka mpira mwembamba, tundu la milimita 5, urefu mita 6 hadi 8, uuzungushe ndani ya friji pamoja na kegi. Kegi ipoe usiku kucha, digrii 2 hadi 4. Ikiwa ya moto hata mpira wa kilometa haukusaidii. Koki ifungue yote kwa mara moja, ukiifungua nusu unatengeneza povu. Na hayo matone ni sukari iliyogandia ndani ya koki. Ifungue, loweka maji ya moto, angalia washa.

Bwana Mitungi
Mtungi usimame wima jamani, ukilala gesi iliyo kimiminika inaingia kwenye regulata. Na msilale chumba kimoja na mtungi unaovuja, gesi hii haina harufu, inatanda chini. Kingine, regulata ya gesi ya kupikia isiguse huu mtungi. Presha ya humu inaweza kuipasua.

Mzee wa Tangawizi
Oringi nimepata kwa mafundi wa mashine za soda. Sabuni haitoi kipovu hata kimoja. Mpira mrefu nafuata kesho. Swali la mwisho: ukwaju nao unaingia humu?

Mama Soda Moshi
Unaingia, ila chuja kwa kitambaa cha kanga, si chujio la chai. Uzi mmoja ukinasa kwenye kale kavalvu ka springi ndani ya kichwa kegi inavuja tena. Hata hiyo tangawizi ichuje hivyohivyo.

Kipanga wa Kigogo
Shughuli ni wapi Jumamosi?