Beetle ya zamani: mipira mipya ya vioo vya pembeni haikai, na maji yanaingia ndani

KobeWaTanga

Habari zenu wakuu. Ninaifufua Volkswagen Beetle ambayo kadi yake imeandikwa mwaka 1965. Kazi ya kuchomelea bodi imekwisha, praima imepigwa, ila rangi bado. Niliagiza seti nzima ya mipira ya vioo vya pembeni kwa kufuata mwaka huo, lakini mpira wa kioo cha pembeni nyuma, kile kisichofunguka, unazidi: nikiuvalisha kwenye kioo, pembe zinajikunja na upande wa chini unaning'inia. Muuzaji anashikilia kwamba spea aliyonipa ni sahihi.

Pamoja na hilo, vioo vya milango vina michubuko ya mistari iliyosimama, na fundi wangu anashauri tukate vipya kwenye duka la vioo vya nyumba kwa kuwa vile vya asili ni bapa. Kuhusu maji yaliyokuwa yakituama sakafuni kila mvua iliponyesha, yeye anasema tukishafunga vioo tuzungushie silikoni kila mahali. Naomba ushauri wa wenye uzoefu kabla sijaingia gharama nyingine.

Gerezani_Bodi

Mkuu, usigombane na muuzaji kwanza, gombana na kadi. Mwaka ulioandikwa kwenye kadi za magari haya mara nyingi ni ule wa kusajiliwa, na gari lingeweza kukaa melini na bandarini miezi kadhaa baada ya kutoka kiwandani. Kwa Beetle jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu mwezi Agosti 1964, walipoanza kuunda toleo la 1965, Volkswagen waliongeza ukubwa wa vioo vyote: cha mbele, cha nyuma, vya milango na vile vya pembeni nyuma. Bodi iliyoundwa kabla ya hapo haipokei mipira wala vioo vya baada yake, hata kama kwa macho magari hayo mawili ni pacha.

Inua kiti cha nyuma usome namba ya chasisi iliyogongwa kwenye lile tuta la katikati ya sakafu. Ikiwa ina tarakimu tisa na inaanza na 115, gari lako ni la toleo la 1965 na tutatafuta sababu nyingine. Ikiwa ina tarakimu saba, bodi yako ni ya vioo vidogo. Ushahidi wa pili uko mlangoni: chuma kinachotenganisha kioo kikubwa na kile kidogo cha pembetatu husimama wima katika magari ya awali, na katika yale ya baadaye kimelalia nyuma kidogo.

Vyovyote itakavyokuwa, usikubali mpira huo ukatwe na kugundishwa ili utoshe. Maji hayakosi kupenya kwenye kiungo, na mpira uliokatwa hakuna duka litakaloupokea ukitaka kuubadilisha.

Mzee wa Vioo

Mimi nitazungumzia vioo. Fundi wako yuko sahihi kwamba ni bapa, lakini kioo cha dirisha la nyumba hakifai kabisa kwenye mlango wa gari, kwani kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye makali kama panga, na shingo ya dereva iko karibu mno. Kioo cha asili cha pembeni kimeimarishwa kwa joto ili kivunjike punjepunje. Kioo cha namna hiyo hukatwa umbo na kusagwa kingo kabla ya kupitishwa kwenye joto. Ukijaribu kukikata baadaye kinapukutika chote mara moja. Kile cha tabaka mbili chenye utando katikati kinaweza kukatwa na fundi wa kawaida, ila kingo zake zikikaa wazi kwenye unyevu kwa muda mrefu, tabaka huanza kuachana na weupe hujitokeza pembeni.

Hata hivyo, sioni sababu ya kuvitupa vioo vyako. Mistari iliyosimama husababishwa na mchanga ulionasa kwenye mipira ya kukwangua maji na kwenye mifereji yenye manyoya, na kila unapopandisha kioo mchanga huo unakichora. Pitisha ukucha juu ya mchubuko. Usiponasa, unga wa seriamu oksidi uliochanganywa na maji pamoja na kitambaa kizito cha sufu utauondoa au kuufifisha sana, mradi usikae mahali pamoja hadi kioo kipate moto. Ukucha ukinasa, achana na usuguaji, maana utatengeneza bonde na mandhari yatapinda unapotazama nje. Hapo tafuta kioo kilichotumika kutoka gari la toleo lako. Kubadilisha mifereji hiyo na mipira ya kukwangua, ya ndani na ya nje, ni lazima kwa hali yoyote, la sivyo hata kioo kipya kitachorwa.

Gerezani_Bodi

Naongezea kuhusu silikoni, kwa sababu hapo ndipo bodi nyingi za pwani zilipozikwa. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula bati chini ya mpira mahali usipopaona. Kabla ya kufikiria kuziba, kagua mdomo wa bati unaoshika mpira, hasa pembe za chini: mara nyingi utakuta kutu iliyofunikwa kwa puti, na puti ikiufanya mdomo uwe mnene, mpira hauwezi kukaa hata uwe wa kiwandani. Safisha hadi bati jeupe, chomelea panapohitajika, kisha piga rangi mpaka ndani ya mdomo, na uiache ikauke vizuri kabla ya kufunga kioo.

Kwa kioo hicho cha pembeni nyuma, valisha mpira kwenye kioo kwanza. Ukiwa na urembo wa kung'aa, uingize kwenye mfereji wake sasa hivi, kwa sababu ukishafunga kioo kwenye gari hautaingia. Zungushia kamba laini ya nailoni kwenye mfereji wa ndani, ncha zipishane chini, paka maji ya sabuni, kisha mmoja asukume kwa kiganja kutoka nje huku mwingine akivuta kamba taratibu kutoka ndani, ili ukingo wa mpira uruke juu ya mdomo wa bati. Msipake oili wala dizeli ili mpira uwe mweusi. Siku hiyo utapendeza, halafu utavimba na kulegea.

Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida. Yanatakiwa kutokea kwenye matundu ya chini, ambayo fundi bodi huyaziba kwa puti bila kujua, na nailoni inayobandikwa nyuma ya ubao wa mlango ndiyo inayoyazuia yasije kwenye sakafu. Nadhani kwako nailoni hiyo ilishachanika au haipo.

KobeWaTanga

Nashukuruni sana. Namba ina tarakimu saba, na kile chuma cha mlangoni kimesimama wima. Matundu ya milango yote miwili yamezibwa, na nailoni haikuwepo. Mipira ya kioo narudisha leo. Swali la mwisho: nimejaribu kuweka mpira mpya wa mlango, na sasa mlango haufungi mpaka niubamize. Je, nisogeze kile kipokeo cha kitasa?

Mzee wa Vioo

Usikiguse bado. Kwanza hakikisha hukubadilishana mpira wa kulia na wa kushoto, kwani pembe zake zimetengenezwa kwa kila upande. Kisha uache mlango umefungwa siku kadhaa ili mpira ujilaze, na kila unapofunga acha kile kioo cha pembetatu wazi kidogo, maana bodi ya Beetle ikipata mipira mizima hubana hewa kiasi kwamba mlango wenyewe husukumwa nje. Paka poda kwenye mpira mpaka rangi mpya ikomae, usije ukang'ang'ania na kubandua rangi. Ukisogeza kipokeo leo, mpira ukishalala mlango utakuwa unagongagonga, na itakubidi ukirudishe.