Magadi ya Nairobi si ya kupaka kwapani: dawa ya kikwapa ya kujitengenezea

Kijana wa Umoja:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za asubuhi. Nina miezi minne tangu nitoke Morogoro kuja kazini hapa Nairobi. Deodoranti za dukani zinaniwasha, kwapa linatoka vipele mpaka kuvaa shati ni tabu. Naona watu wanajitengenezea wenyewe kwa mafuta ya nazi na magadi soda. Kuna aliyejaribu? Vitu vyenyewe nitavipata wapi hapa? Ofisini tuko watu kumi chumba kimoja, na kwa baridi hii madirisha hayafunguliwi. Sipendi kuwa mimi ndiye ninayenuka.

Dada wa South C:

Pole mdogo wangu. Mimi natumia ndimu, nusu kipande kila asubuhi, kama bibi alivyotufundisha. Za dukani achana nazo kabisa, zinaziba jasho, sumu inabaki mwilini, ndiyo hiyo inayoleta saratani ya matiti.

Mama wa Tanga, South B:

Marahaba mwanangu, na karibu Nairobi. Kabla hujaenda sokoni nisome kwanza, maana hilo neno "magadi soda" ndilo lililoniunguza mimi.

Kwetu ukitaja magadi soda, mwenye duka anakupa ule unga mweupe laini wa kutilia maandazi. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilitaja hivyohivyo kwa mama mmoja sokoni, akanifungia kwenye gazeti mabonge ya kijivu yenye chumvichumvi. Nikadhani ndivyo yalivyo ya huku. Nikayatwanga, nikayachekecha kwa kitambaa, nikachanganya na mafuta ya nazi. Siku ya kwanza kwapa lilichonyota kidogo tu. Siku ya tatu ngozi ilikuwa nyekundu, inang'aa kama imepitiwa na pasi, na siku ya nne ikaanza kuambuka. Wiki mbili nzima nililala chali, mikono nimeitandaza huku na huku, na kwenye matatu sikuweza hata kushika chuma cha juu.

Yale yalikuwa magadi ya Ziwa Magadi, kule Kajiado, ambayo wenyeji wanalainishia maharagwe na mboga za kienyeji. Yule mama hakunikosea kitu, aliniuzia nilichomwomba. Lakini ngozi yetu ina uchachu kidogo, pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikipanda uchachu unapungua, ni karibu na 5. Soda ya kuokea ina pH ya 8 na kitu, na magadi yanafika karibu 10. Na kipimo hiki kila namba moja unayopanda ni mara 10 ya iliyotangulia, kwa hiyo usione 8 na 10 ukadhani vinakaribiana. Hapa sema "baking soda", hivyohivyo kwa Kiingereza, na usome kopo. Likiandikwa "baking powder", rudisha. Ile imeshachanganywa na tindikali na wanga.

Hata hiyo soda yenyewe, weka kidogo sana. Mapishi mengi ya mtandaoni yanasema soda na wanga sawa kwa sawa. Ngozi nyingi hazivumilii hivyo, na yako imeshakwambia kuwa ni nyepesi. Mimi natumia nusu kijiko cha chai kwa kikopo kizima, na binti yangu namtengenezea bila soda kabisa.

Maana jasho lenyewe halinuki, mwanangu. Harufu inatokana na bakteria wanaoishi kwapani, wanaokula kile kinachotoka kwenye tezi za pale na kukigeuza. Kwa hiyo dawa ya nyumbani haikaushi jasho. Utaloa kama kawaida. Inachofanya ni kuwapunguza wale bakteria, na wanga unanyonya unyevu kiasi. Mafuta ya nazi yenyewe yana asidi ya lauriki, ambayo bakteria hawaipendi, ndiyo maana hata bila soda yanasaidia. Unayetaka kwapa kavu kabisa utarudi dukani tu, kwenye zile zenye chumvi za alumini zinazoziba vitundu vya jasho.

Sasa utengenezaji. Chukua vijiko vikubwa vitatu vya mafuta ya nazi, kimoja cha mafuta ya shea, na nta ya nyuki kiasi cha kijiko cha chai, ikiwa imekunwa kwa kisu. Tia kwenye bakuli, bakuli uliweke juu ya sufuria yenye maji yanayochemka kidogo. Nta ndiyo itakayochelewa. Inataka zaidi ya nyuzi 60 ndipo iyeyuke, usiiharakishe kwa kuweka bakuli motoni moja kwa moja. Ikishayeyuka yote, epua, halafu tia vijiko vikubwa vitatu vya wanga na ile nusu ya kijiko cha chai cha soda. Mimina kwenye kikopo kisafi kilicho kikavu kabisa. Tone moja la maji likibaki ndani, baada ya siku chache utaona ukungu, maana hakuna dawa ya kuhifadhi humo.

Kuhusu wanga: mapishi ya Wazungu yanataja arrowroot. Ukilitaja neno hilo sokoni Nairobi utapewa nduma, mzima na udongo wake. Wanachokitaka wao ni unga wa uwanga. Usijisumbue nao, wanga mweupe wa mahindi wa kukolezea mchuzi unafanya kazi ileile. Mafuta ya nazi, kama una ndugu anayekuja na basi kutoka Tanga, mwagize, ila yawe yamepikwa mpaka maji yote yamekauka, la sivyo yatachacha. Ya dukani soma karatasi yake, mengi yanayowekwa upande wa nywele yamechanganywa na mafuta ya madini, "mineral oil". Nta utaipata kwa wauza asali.

Na kuna jambo ambalo mapishi ya mtandaoni hayakwambii. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi. Kwetu Tanga ni maji mwaka mzima. Hapa mwezi wa Julai kikopo kinakuwa jiwe, unakwangua kwa ukucha. Kipindi hiki punguza nta hata iwe nusu ya kijiko cha chai. Ukitaka kwenda nayo pwani Desemba, ongeza ifike vijiko viwili vya chai, maana mimi yangu ilimwagika yote ndani ya begi kabla hata hatujafika Mombasa, kwenye gauni nililoshona kwa ajili ya harusi.

Usipake siku uliyonyoa, subiri kesho yake. Na kabla ya kupaka kwapani, jaribu sehemu ya ndani ya mkono, ukae siku nzima uone.

Dada yangu wa South C, sikupingi kwa ubaya, nami nililelewa na ndimu. Lakini bibi zetu walipaka jioni wakaoga. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi halafu jua likapiga, ngozi inaungua na kuacha mabaka meusi ya miezi. Kwapani kumefunikwa, sawa, ila yanachuruzika mpaka mkononi. Na hili la saratani naomba tusilitie watu woga nalo. Limechunguzwa kwa miaka mingi na hakuna ushahidi thabiti kwamba deodoranti za dukani zinaleta saratani ya matiti. Sumu za mwilini zinatolewa na ini na figo, kwapa halina kazi hiyo. Mimi natengeneza yangu kwa sababu za dukani zinaniwasha na kwa sababu napenda kujua nimeweka nini. Hizo sababu zinanitosha.

Dada wa South C:

Sijakasirika mama, nimekuelewa. Kweli nina baka mkononi, nilidhani ni la mafuta ya moto. Je, shabu? Baba yangu alikuwa akijipaka akishanyoa ndevu, na kwapani pia. Nimeiulizia Ngara, hakuna aliyenielewa.

Mama wa Tanga, South B:

Kwenye maduka ya Wahindi uliza fitkari, watakuletea donge kama barafu. Shabu ni nzuri na haina harufu. Unalilowesha donge, unapitisha kwapani penye usafi, unaacha pakauke, basi. Lioshe na ulifute, likikaa majini linaisha. Ila jua kwamba shabu nayo ni chumvi ya alumini, hao wanaoiuza kama "isiyo na alumini" wanakosea. Na usiipake pamoja na ile yenye soda, moja ni tindikali na nyingine inaiua, unabaki huna hata moja.

Kijana wa Umoja:

Shikamoo mama. Nimetengeneza jana usiku. Asubuhi nimekuta juu mafuta matupu na chini kama mchanga. Nimepaka hivyohivyo, sijawashwa. Ila shati moja la kazini mpaka saa nane lilikuwa linanuka, mengine hapana.

Mama wa Tanga, South B:

Marahaba mwanangu. Ulitia unga mafuta yakiwa bado moto na mepesi, ukazama. Yeyusha tena yote polepole, epua, halafu yaache. Koroga kila baada ya dakika mbili tatu. Yatapoteza uangavu kwanza, kisha yatashika kama uji wa mtoto, kijiko kikiacha mstari usiofutika upesi. Hapo ndipo unapotia unga, ukoroge na kumimina hapohapo. Kwa baridi ya sasa haichukui robo saa.

Kupaka, chota kiasi cha punje ya mbaazi kwa kila kwapa, uiyeyushe kwa vidole kwanza. Kaa dakika tano bila shati, la sivyo utakuta duara la mafuta kwenye kitambaa.

Hilo shati linalonuka, tazama kile kitambaa kidogo cha shingoni. Nadhani utakuta ni poliesta. Inashika harufu kuliko pamba, na bakteria hawatoki kwa sabuni peke yake. Liloweke nusu saa kwenye beseni la maji na kikombe kimoja cha siki nyeupe, upande wa makwapa ukiwa nje, kisha ufue kama kawaida na kulianika juani. Na hivyo vipele vya mwanzo, vikigeuka majipu yanayorudirudi, hiyo siyo kazi yangu tena, nenda kwa daktari wa ngozi.

Nta nimebaki na nusu donge. Jumapili napita Umoja kwa dada yangu, nitakuletea.